Yowe Lililobaki Juu ya Joka

Kila asubuhi, kabla lango la bustani ya michezo ya Raha Tele halijafunguliwa, Thoya alikuwa akipanda juu ya Joka na gunia, ufagio wa chelewa na kisu butu, akayashusha mayowe ya jana.

Joka ni reli ya chuma inayopanda, inayoshuka na kujipinda juu ya vichwa vya watu, karibu na barabara ya Mama Ngina, pale ambapo meli za bandarini hupita karibu mpaka unawaona mabaharia wakianika soksi. Vigari vyake vimefungwa kimoja nyuma ya kingine. Mnyororo huvikokota taratibu hadi kileleni, halafu huviachia. Hapo ndipo watu hupiga mayowe. Yowe likitoka kwa kasi ile haliwezi kumfuata mwenyewe. Hubaki palepale kwenye reli, na likilala usiku mmoja hukauka. Yasipobanduliwa, magurudumu huteleza, vigari huchelewa, na foleni ya Mombasa ikicheleweshwa huanza kutoa ushauri.

Mayowe ya watoto ni mepesi, hutoka kwa ukucha kama chingamu. Ya wasichana wa sekondari ni marefu, Thoya aliyakunja kama kamba ya kuanikia nguo. Kazi iko kwa ya wanaume walioapa huku chini kwamba wao hawatapiga. Hayo hung'ang'ania. Hutoka vipande vipande, na ukivichunguza vipande hivyo, vingi vina neno "mama" ndani yake.

Gunia likijaa, Thoya alilipeleka kwenye ukuta wa bahari akalikung'uta, na mayowe yakaenda zake. Mara mojamoja mtu alirudi kuliulizia lake. Siku moja alikuja Kingi, utingo wa lori kutoka Shimanzi, mwenye kifua kama mlango wa kontena. Alieleza kwa mikono kwamba tangu apande Joka hana sauti ya kumwongoza dereva wake akirudi nyuma, na sasa wamebomoa ukuta wa ghala la watu.

Thoya akapekua gunia, akatoa yowe jembamba lenye mkia. "Hili lilikuwa kigari cha mwisho. Ndilo?"

Kingi akalitazama, akatikisa kichwa kwa nguvu. Hilo halikuwa lake. Lake lilikuwa la kiume.

"Basi sema kitu," Thoya akamwambia.

Kingi akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akalichukua lile jembamba, akalitia katika mfuko wa karatasi, akaondoka bila kuaga, maana hangeweza.

Thoya alilipenda Joka kabla hajalipwa kulipenda. Alikuja mjini kutoka Kaloleni kumnunulia babake dawa ya mbuzi, akapita Raha Tele kutazama tu, akapanda mara moja. Akashuka, akarudi kwenye foleni. Jioni alikuwa hana nauli, hana dawa, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kuposa akakubaliwa. Mwendeshaji wa Joka siku hizo alikuwa Mung'aro, mtu mzima wa kwao hukohuko, mwenye spana mfukoni na mzaha mdomoni. Alimwita kando.

"Wewe kijana, una wazimu au una mapenzi?"

"Sijui, fundi."

"Vyote viwili dawa yake ni moja. Shika ufagio."

Seth, msimamizi wa bustani, alimwandika kazi bila kumwuliza cheti, na akamtolea babake dawa ya mbuzi kwa mfuko wake mwenyewe. Hilo Thoya hajalisahau. Akimwona Seth mpaka leo husimama.

Yowe moja lakini halikuwahi kushuka. Lilikuwa kileleni, upande wa kushoto, jeusi kama lami, pana kama sinia. Lilikuwa la Mung'aro.

Lilipigwa siku ya Idi, mwaka juzi. Foleni ilifika barabarani. Watoto walikuwa na nguo mpya, wamechorwa hina, na subira hawana. Mung'aro alisikia nati inalia kileleni, akasema Joka lisimame mpaka aikaze.

"Mung'aro, leo ni Idi," Seth akamwambia. "Kaza kati ya safari na safari. Mimi nitakaa kibandani."

Mung'aro akauliza habari za mkanda wa kujifunga mtu akiwa juu. Seth akasema mkanda umeshaagizwa, uko njiani. Basi Mung'aro akapanda hivyohivyo na spana yake, na Seth akakaa kibandani kwenye swichi, na watoto wakaanza kuimba, "Twen-de! Twen-de!" Seth ni mtu anayependa watoto. Akabonyeza.

Uchunguzi ulisema marehemu alipanda bila ruhusa. Ulisema pia kwamba hakuna aliyesikia chochote, na watu waliamini. Hata Thoya, aliyekuwa langoni akikata tikiti, hakusikia. Hewa siku hiyo ilijaa mayowe, yote ya furaha, na la Mung'aro lilipita katikati yao kama mtu aliyevaa sare ya harusi asiyealikwa.

Thoya alilikuta asubuhi yake. Alilitegea sikio, ndani lilikuwa likinung'unika kama redio iliyofunikwa na mto, lakini maneno hayakushikika. Tangu hapo akawa analifagilia pembeni. "Subalkheri, fundi," alikuwa akilisalimu, akaendelea na kazi.

Seth alinunua jeneza, tena zuri. Kisha akampa mjane wa Mung'aro, Dama, nafasi ya kuuzia viazi karai nje ya lango, bila kodi. Kila Seth akipita, Dama alisema, "Asante, baba," na Seth alijibu, "Usijali, mama," na wote wawili walimaanisha.

Viazi vya Dama vilikuwa vizuri, ila havikuwa na chumvi. Chumvi aliiweka pembeni katika kisosi, kila mteja ajitilie. Wateja walinung'unika na kujitilia. Sababu yake aliijua Thoya peke yake. Asubuhi ile ya Idi, Mung'aro alichovya kidole katika ukwaju wa kulia viazi, akaramba, akakunja uso. "Mke wangu, hii chumvi umeimwaga au umeitia?" Dama alikuwa ameamka alfajiri kumenya viazi, hakuwa na nafasi ya mzaha. Akamjibu, "Basi nenda ukale kwa mamako." Mung'aro akaenda, na hakurudi. Matangani kila aliyempa mkono alimwuliza, kama watu wanavyouliza, "Ameacha neno gani?" Dama hakuweza kuwaambia kwamba neno ni chumvi. Alisema hakuacha neno. Na tangu siku hiyo mkono wake, ukifika kwenye kopo la chumvi, ulirudi wenyewe.

"Lishushe hilo yowe, mdogo wangu," alikuwa akimwambia Thoya. "Hata kama ni matusi. Nijue tu alisema nini."

Thoya alijaribu. Alijaribu kisu, ndimu, mafuta ya taa na samli ya moto. Yowe lilikaa.

Alhamisi moja asubuhi Seth akaja na habari njema. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo, kwa hivyo Joka litapakwa rangi ya kijani kibichi, na kesho baada ya swala ya Ijumaa watakuja mafundi na mashine ya kusagia chuma, walisage lile doa jeusi la kileleni.

"Lile si doa, bosi," Thoya akasema. "Ni yowe la Mung'aro."

"Najua," Seth akasema. "Ndiyo maana sitaki wakaguzi walikute."

Thoya akatoka, akaenda kwa Dama, akamweleza. Likisagwa litakuwa vumbi, na vumbi halisemi. Dama alikuwa na kijiko cha matundu mkononi. Akakiacha ndani ya mafuta, viazi vikaanza kuungua.

Mteja aliyekuwa amesimama pale ndiye aliyekiokota kijiko. Alikuwa Fatemabai, mjane wa Mji wa Kale, ndani ya rida, lile vazi la Kibohora la maua na lesi, mkoba umebanwa kwapani. Fatemabai huja Raha Tele kila Alhamisi kupanda Joka. Wanawe wametawanyika duniani, na kila anapoenda kuwatembelea huuliza kwanza kama mji wao una reli ya namna hiyo. Usipokuwa nayo, mgongo humuuma, hasafiri. Amepanda za Dubai, amepanda za Mumbai, na zote huzipa alama kama mwalimu. "Ile ya Dubai ina nguvu, adabu haina," humwambia Thoya. "Inakutupa tu. Hili lenu linakuuliza kwanza." Hukaa kigari cha mbele, mikono mapajani, kama aliye kwa daktari wa meno. Na katika miaka yote hiyo Thoya hakuwahi kubandua yowe lake hata moja. Alipomwuliza sababu, alimjibu, "Mwanangu, mimi nimezaa watoto wangu wote katika nyumba ambayo ukuta wa jirani ndio ukuta wangu. Nimezoea kumeza."

Sasa alikuwa akigeuza viazi vya Dama. "Hilo yowe," akasema, "nani aliliitika?"

Dama akajifuta mafuta mikononi.

"Kwetu sisi Mji wa Kale," Fatemabai akaendelea, "mtu akipiga yowe, hata kama ameona panya, mtaa mzima huitika kwanza, ndipo watu huuliza kuna nini. Kwenu je?"

"Kwetu pia," Dama akasema. "Unaitika huku unakimbia. Ukikaa kimya watu watasema umefurahi."

"Basi. Hapa ndipo mahali pekee ninapopajua mtu hupiga yowe na hainuki hata mmoja. Wanaendelea kula mihogo. Nisichukuliwe vibaya, mimi pia hula. Lakini lile la mumeo halikuwa la tikiti. Liliita, halikuitikwa. Ulitaka liende wapi? Linangoja."

"Nitaitika mimi kesho asubuhi," Thoya akasema.

"Wewe ni jirani. Wa nyumbani huanza, jirani hufuata."

Dama akaangalia juu, kwenye kilele, kisha akaangalia chini upesi. "Mimi ngazi ya ghorofa tu napanda nimeshika ukuta, Fatemabai. Ile itaniua."

"Nani amekwambia ufumbue macho? Ndoo, mwanangu. Epua viazi kwanza, hivi vimekuwa makaa."

Dama akafunika karai, akamwachia muuza mabuyu alinde, akajifunga leso ya pili kiunoni kwa fundo la mtu anayekwenda kugombana. Thoya akawaweka kigari cha mbele, akawashushia chuma cha kifuani, akakitikisa. Vigari vya nyuma vikajaa watu wa foleni. Yeye, aliyerithi uendeshaji tangu Mung'aro afe, akaingia kibandani. Kabla ya kubonyeza alitoa kichwa dirishani, akaangalia juu, akauliza, "Juu kuna mtu?" Huuliza hivyo kila safari. Watalii hudhani ni sehemu ya burudani.

Mnyororo ukashika. Vigari vikapanda, ta-ta-ta-ta, na Dama akawa anataja majina ya jamaa zake wote waliokufa, kwa utaratibu wa ukoo, awaarifu kwamba yuko njiani. Walipofika kileleni akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Yowe jeusi lilikuwa pale kushoto, karibu kiasi cha kuligusa, na kigari kilianza kuinama.

Fatemabai akamtazama, akaona hakuna kitu, akavua miwani, akaitia mkobani, akafunga zipu. Kisha akapiga yeye.

Halikuwa yowe la siku moja. Lilikuwa na uchungu wa kila mtoto aliyemzaa kwa adabu, lilikuwa na mazishi ya Akbarali mumewe, lilikuwa na mawifi. Lilianza kwa Kikachi, lugha ya mamake, likapita Kiswahili, likarudi. Reli haikuweza kulishika. Lilishuka nao, likapinda nao, likaendelea. Dama akaona haya kutanguliwa na mgeni kumwitikia mumewe, na haya hiyo ndiyo iliyomfungua koo.

"Weee! Mung'aro weee! Nimesikia! Naja!"

Huku chini, watu waliokuwa na mihogo mikononi wakasimama. Mayowe ya Joka walikuwa wakiyasikia kila siku, lakini hili lilikuwa la mama, na furaha haimo. Wakafanya walivyofundishwa na bibi zao: wakaitika. Foleni ikaitika, muuza madafu akaitika na panga mkononi, Kingi, aliyekuwa amekuja kupanda tena, akaitika kwa sauti yake ileile nyembamba bila kujali. Walioko kwenye feri ya Likoni wakasikia mji unaitika, nao wakaitika, wasijue kuna nini. Meli iliyokuwa ikiingia ikapiga honi.

Joka huzunguka mara mbili. Walipopanda mara ya pili, yowe la Mung'aro lilikuwa limeanza kujikunja pembeni kama ukoko uliotiwa maji. Kigari kilipofika likabanduka lote kwa pamoja, likaanguka mapajani mwa Dama. Akalifunika kwa leso.

Vigari vilisimama. Hakuna aliyeshuka. Dama akafunua leso, na yowe likasema kwa sauti ya Mung'aro, wazi, mpaka langoni watu wakasikia:

"Seth, usibonyeze! Bado niko juu!"

Likanyamaza kidogo, kama mtu aliyeangalia, akaona shauri limekwisha. Halafu likasema kwa sauti ya chini zaidi:

"Dama, chumvi ilikuwa sawa."

"Chumvi ya nini?" mtu akauliza nyuma ya foleni. "Ya viazi," akajibiwa. "Ahaa," akasema. Ilikuwa ni jambo la kueleweka.

Dama alilia kidogo, akacheka kidogo, akajipangusa kwa pembe ya leso ambayo haikuwa na yowe. "Mjinga huyu," akasema. "Na wakati ule ndio anakumbuka adabu."

Seth alikuwa ametoka ofisini. Alisimama karibu na kigari, akavua kofia. "Nilisikia naitwa," akasema. "Siku ya Idi kila mtu huniita." Akasubiri, labda mtu angesema kitu. Kisha akavaa kofia yake, akarudi ofisini.

Katika foleni alikuwamo askari polisi aitwaye Taib, hayuko kazini, ameshika binti zake mkono huku na huku. Dama akamwendea.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama. Kila kitu."

"Basi?"

Taib akafikiri kwa huruma ya kweli. "Yowe haliwezi kuapishwa, mama." Akanunua viazi vingi kuliko alivyoweza kula.

Kesho yake baada ya swala mafundi wa mashine walikuja, hawakukuta cha kusaga, wakapaka rangi ya kijani. Seth alimshukuru Thoya mbele ya wafanyakazi wote kwa usafi wa reli. Wakaguzi nao wakaja, wakalisifu Joka, wakapanda, wakapiga mayowe, wakaondoka. Uchunguzi haukufunguliwa tena. Mpaka leo Mung'aro alipanda bila ruhusa.

Yowe lake liko kwa Dama, chumbani, ndani ya kopo lililokuwa la chumvi. Hulifungua akiwa na haja, husikiliza lile neno la pili tu, amejua namna ya kulipita la kwanza. Viazi vyake sasa vina chumvi, hutia kwa mkono wake bila kupima, na kisosi amekiondoa. Akija mteja kusema imezidi, Dama humjibu kwamba shauri hilo lilishaamuliwa na mwenye kujua. Muuza mabuyu hakutaka malipo kwa kulinda karai. Fatemabai huletewa viazi vyake ndani kabisa, mpaka kigari cha mbele. Amelipandisha Joka alama, na sauti yake imekuwa na mikwaruzo kidogo, jambo ambalo wanawe huko nje wanaliuliza kwenye simu, naye huwaambia ni vumbi.

Watu wa Raha Tele wamezoea kuitika. Hakuna aliyewaamuru. Vigari vikishuka na mayowe yakitoka, walioko chini huitika "Weee!" na mihogo midomoni, na mayowe yakishaitikwa hayabaki kwenye reli. Siku hizi Thoya hana haja ya gunia. Hupanda na spana tu, hukaa kileleni jua likichomoza, akamshukuru Mung'aro kwa ufagio, na Mungu kwa kumkosesha nauli ya kurudi Kaloleni.

Nati ile bado hulegea, hasa siku za foleni. Mkanda uko njiani. Kwa hivyo Thoya hupanda kuikaza kati ya safari na safari, na Seth hukaa kibandani mwenyewe kwenye swichi, kwa kuwa mtu wa pili hajaajiriwa.

Akifika juu, kabla hajaigusa nati, Thoya hupiga yowe dogo. Huko nje ya lango Dama huacha viazi vyake karaini, huinua kichwa, akaitika. Muuza madafu huitika, foleni huitika, na hawanyamazi mpaka Seth atoe mkono wake nje ya dirisha, wote wauone.

"Asanteni!" Thoya husema, akakaza nati.